Simu ya Mfukoni kama Mashine ya Kuandikia Programu

Programu ya kompyuta ni maandishi. Huandikwa kwa herufi, tarakimu na alama chache, kisha mashine huyasoma na kuyatekeleza. Kwa sababu hiyo kifaa chochote chenye pa kuandikia, pa kuhifadhia na uwezo wa kukokotoa kinafaa kuandikia programu, hata kiwe kidogo cha kuingia mfukoni. Katika vijiji vya Issenye, wilayani Serengeti, mkoani Mara, kifaa hicho ni simu. Kompyuta zipo, lakini ziko zaidi maofisini, shuleni na mjini Mugumu kwenye makao makuu ya wilaya. Simu iko shambani, malishoni, mnadani na juu ya bodaboda. Kijana wa huko anayengoja hadi apate kompyuta ya kupakata ndipo aanze kujifunza kazi hii, huenda asianze kabisa.

Kuandika programu kwenye kifaa cha mkononi si jambo geni. Mwaka 1974 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilitoa HP-65, kikokotoo cha mfukoni ambacho mtumiaji aliweza kukiandikia programu yake na kuihifadhi kwenye kadi ndogo ya sumaku. Mwaka uliofuata kikokotoo hicho kilipanda angani na wanaanga wa Marekani katika safari ya Apollo na Soyuz, kikiwa cha akiba endapo kompyuta ya chombo ingekwama. Mwaka 1986 kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa Organiser II, kifaa cha kushika mkononi kilichokuja na lugha yake ya programu, OPL, ndani kwa ndani. Mtunza ghala aliweza kuandika programu ya kuhesabu mali akiwa amesimama pale pale ghalani. Simu za vitufe zilipoenea, uwezo huo ulirudi nyuma. Simu nyingi zilitengenezwa za kutumia tu. Michezo ya Java iliyochezwa kwenye Nokia iliandikwa kwenye kompyuta kubwa, ndipo ikahamishiwa kwenye simu.

Nokia yenyewe ilifungua mlango kidogo katikati ya miaka ya 2000, ilipotoa lugha ya Python kwa ajili ya simu zake za aina ya Series 60. Mtu aliweza kuandika mistari michache na kuiendesha kwenye simu hiyo hiyo. Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kunufaika. Mwaka 2006 mtafiti Nathan Eagle wa chuo cha MIT alianzisha nchini Kenya mpango ulioitwa EPROM, akawafundisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kuandika programu za simu. Eagle alikuwa akiishi Kilifi, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa huduma ya benki ya damu kwa ujumbe mfupi katika hospitali ya wilaya ya Kilifi: wauguzi walituma kwa SMS kiasi cha damu kilichobaki, ili kituo kikuu kijue pa kupeleka nyingine kabla haijaisha.

Kisa cha Kilifi kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kinafundisha mambo ambayo vitabu vya programu huyaruka. Mfumo ulifanya kazi vizuri mwanzoni, kisha ujumbe ukaanza kupungua. Programu haikuwa na kasoro. Wauguzi walikuwa wanatuma SMS kwa vocha zao wenyewe, na gharama ile, ndogo machoni pa mtafiti, ilikuwa nzito kwenye mshahara wao. Dawa ilikuwa kuongeza kipande cha programu kinachomrudishia muuguzi salio kidogo zaidi ya alilotumia, kila taarifa yake inapofika sawasawa. Taarifa zikarudi. Wazo hilo la kulipa kwa salio likazaa baadaye kampuni iliyoitwa txteagle. Aliyezoea kuishi kwa vocha hahitaji kufundishwa kwamba kila SMS ina bei, na hilo ni ujuzi wa kazi kama ulivyo ujuzi wa Python.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Android. Simu ya kwanza yenye mfumo huo ilitoka mwaka 2008, na mwaka 2011 Huawei IDEOS ikauzwa Kenya kwa bei iliyo chini ya dola 100. Baada ya hapo simu za Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni ya Transsion ya China, zikajaza maduka kuanzia Kariakoo hadi Mugumu. Chini ya Android kuna Linux, yaani kiini kile kile kinachoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Simu ya kawaida ya leo ina prosesa ya viini vinane na RAM ya gigabaiti 2 hadi 4. Kwa hesabu hiyo ina nguvu kuliko kompyuta za mezani ambazo zilitumika kufundishia vyuoni miaka 20 iliyopita.

Jambo la umeme nalo lina uzito wake. Betri ya simu ya mAh 5,000 hubeba nishati ya takribani wati-saa 19. Kompyuta ya kupakata ikifanya kazi hula wati 20 hadi 40, kwa hiyo nishati hiyo ingeiendesha kwa muda usiozidi saa moja. Simu yenyewe, kioo kikiwa kimewaka na mtu anaandika, hutumia wati moja hadi tatu, na chaji moja hutosha siku nzima ya kazi. Paneli ndogo ya sola ya wati 20 juu ya bati hujaza simu kadhaa kwa siku yenye jua la kutosha. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umefikisha nguzo mahali pengi tangu ulipoanza kazi mwaka 2007, lakini si kila nyumba iliyo karibu na nguzo imeunganishwa, na umeme uliounganishwa nao hukatika. Fundi wa programu anayetegemea simu hukatikiwa kazi mara chache kuliko yule anayetegemea mashine ya mezani.

Zana zenyewe hupatikana bila malipo. Pydroid 3 ni programu inayoweka Python nzima ndani ya simu, pamoja na kihariri cha kuandikia na kitufe cha kuendesha, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Acode na Spck ni vihariri vinavyofaa kurasa za wavuti: HTML, CSS na JavaScript. Anayetaka kwenda mbali zaidi hutumia Termux, iliyotolewa mwaka 2015, ambayo huipa simu mazingira ya Linux ya kuandika amri. Ndani ya Termux mtu anaweza kuweka Python, Node.js, kitafsiri cha lugha ya C, Git na hata seva ya wavuti. Hapa pana tahadhari moja. Google ilipobana kanuni za Android kuhusu programu zinazoendesha mafaili ziliyoyapakua zenyewe, toleo la Termux la Play Store liliachwa bila kusasishwa kuanzia mwishoni mwa 2020, na watengenezaji wake wakawaelekeza watumiaji kwenye duka la F-Droid. Wengi waliopakua toleo la zamani walikutana na makosa wasiyoyaelewa wakadhani simu yao ni mbovu.

Ugumu wa kweli huanza kwenye vidole. Chukua programu fupi ya kumsaidia mkulima wa pamba anayeuza kwenye chama cha ushirika, AMCOS: iulize kilo, iulize bei, izidishe, itoe makato, ionyeshe kinachobaki. Kwa Python ni mistari minne au mitano. Majina ya ndani yanaweza kuwa ya Kiswahili tangu mwanzo: kilo, bei, makato, malipo. Python haijali, na anayeanza huelewa upesi zaidi anaposoma "malipo" kuliko anaposoma neno la kigeni. Hata maneno ya Kiissenye yangefaa.

Lakini kuiandika ni kazi. Kibodi ya kioo hufunika karibu nusu ya eneo la kuonea, kwa hiyo mwandishi huona mistari michache tu kwa wakati mmoja. Mabano na nukta mbili vimejificha nyuma ya kitufe cha tarakimu. Alama ya usawa, ile ya mistari miwili midogo inayolala sambamba, kwenye kibodi ya kawaida ya Google imejificha nyuma zaidi, katika ukurasa wa pili wa alama, na hiyo ni alama inayotumika karibu kila mstari. Kisha kibodi hujifanya mwalimu wa insha: mtu akianza mstari kwa amri ya "print", inaikuza herufi ya kwanza iwe kubwa, na Python, inayotofautisha herufi kubwa na ndogo, inajibu kwamba jina hilo halijulikani. Mwanafunzi aliyeandika kila kitu sawasawa anaambiwa amekosea, na kosa si lake. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, ilhali tiba yake ni ya dakika moja: kuingia kwenye mipangilio ya kibodi na kuzima kukuza herufi pamoja na kusahihisha maneno. Somo lolote la programu kwa simu lingepaswa kuanza na hatua hiyo.

Vihariri vizuri vimeliona tatizo. Vingi huweka safu ya ziada ya alama juu ya kibodi, yenye mabano, nukta mbili, alama ya usawa na kitufe cha kusogeza mstari ndani, ambacho kibodi ya simu haina na bila hicho Python haiandikiki kwa raha. Termux huongeza vitufe vya Esc, Ctrl na mishale, na huwezesha kitufe cha kupunguza sauti kishikwe mahali pa Ctrl. Mwenye uwezo kidogo hununua waya wa OTG na kibodi ya kawaida ya USB, akaichomeka kwenye simu. Kibodi iliyotumika huuzwa kwa fedha kidogo sana ikilinganishwa na kompyuta, na hapo kioo chote kinabaki cha kusomea. Ikiwa kuna kitu kimoja cha kununua kwanza, ni hicho. Simu ya bei kubwa zaidi haina haja.

Bila kibodi hiyo pia watu wamefika mbali. Mwaka 2017 kijana wa Nigeria, Elvis Chidera, alieleza hadharani jinsi alivyojifunza kuandika programu kwa simu ya vitufe, hadi akaajiriwa na kampuni changa yenye mizizi MIT. Habari yake haifai kuchukuliwa kama ushahidi kwamba dhiki ni njema. Inaonyesha tu kwamba kioo kidogo hakimzuii mtu kufikiri.

Upande wa bando, kuandika programu ni kazi nafuu kuliko watu wanavyodhani. Mistari 1,000 ya programu ni kama kilobaiti 40, chini ya picha moja ya WhatsApp. Kazi ya siku nzima ikitumwa kwa Git, zana ya kutunza matoleo ya programu, hula kiasi kidogo mno cha bando. Kinachokula bando ni kupakua zana: Termux ikishawekewa Python na vikorokoro vyake huweza kufika mamia ya megabaiti, na video za mafunzo hula zaidi ya hapo. Ndiyo maana ni busara zana zipakuliwe mara moja na mtu mmoja, kisha warushiane kwa Xender au Bluetooth, kama vijana wanavyorushiana nyimbo. Maelezo rasmi ya lugha ya Python nayo hupakuliwa yote kwa pamoja na kusomwa bila mtandao. Kwa anayefanya kazi kwenye seva ya mbali, mtandao unaokuja na kuondoka si lazima umharibie: programu iitwayo tmux huacha kazi ikiendelea upande wa seva hata simu ikikatika, na Mosh, iliyotengenezwa MIT mwaka 2012, huunganisha tena yenyewe mnara ukirudi.

Kuna mambo ambayo simu haiyawezi, na ni haki yasemwe wazi. Android Studio, zana rasmi ya kutengenezea programu za Android, haiendeshwi kwenye simu, na hata kompyuta huhitaji RAM isiyopungua gigabaiti 8 kuibeba. Ni ajabu kwamba simu haiwezi kwa urahisi kutengeneza programu za simu, lakini ndivyo ilivyo. Zipo njia za pembeni. Sketchware hutumia vipande vya kupanga, nayo MIT App Inventor, iliyoanzia Google mwaka 2010, hufanyia kazi ya kujenga kwenye seva, ingawa kuipangia vipande kwenye kioo kidogo kunachosha macho. Kuanzia Android 12 mfumo hukata michakato ya nyuma ikizidi 32, kwa hiyo kazi kubwa ndani ya Termux huweza kuzimika ghafla bila maelezo. Simu hupata moto kazi ikiwa nzito, na ikipata moto hujipunguzia kasi. Nafasi ya kuhifadhi hujaa picha na sauti za makundi ya WhatsApp.

Hatari kubwa kuliko zote ni kwamba simu ni kitu cha kupotea. Huanguka kutoka kwenye pikipiki, huingia maji wakati wa masika, huibwa mnadani, au huuzwa nyumbani kukiwa na shida ya ada. Pamoja nayo hupotea miezi ya kazi. Anayeandikia simu hana budi kuwa na nakala nje ya simu: kwenye GitHub, kwenye barua pepe yake, au angalau kwenye simu ya mwenzake. Hilo ni sharti la kwanza la kazi yenyewe.

Pamoja na upungufu huo, simu ina vitu ambavyo kompyuta ya kupakata kwa kawaida haina vyote pamoja: laini, GPS na kamera, ndani ya mfuko mmoja. Kupitia nyongeza iitwayo Termux:API, programu fupi inaweza kusoma mahali simu ilipo, kupiga picha na kutuma SMS. Kwa Issenye hili si jambo dogo. Vijiji vya upande huo wa wilaya vinapakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na tembo huingia mashambani. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo kwa walioathiriwa na wanyamapori, ziliweka viwango vya shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari ya mazao yaliyoharibiwa, kwa ekari zisizozidi tano, na kiwango kilitegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka halikupata kitu. Madai kama hayo hushinda au hushindwa kwa vielelezo: wapi, lini, ekari ngapi, umbali gani.

Programu ya mistari michache inaweza kuchukua nukta ya GPS pale mkulima aliposimama, ikaandika tarehe na saa, ikapiga hesabu ya umbali hadi mpaka, ikahifadhi vyote katika faili moja na kumtumia ofisa wa kijiji ujumbe. Haihitaji seva wala intaneti wakati wa kurekodi. Inaweza kuandikwa, kujaribiwa na kurekebishwa kando ya shamba lenyewe, mkulima akiwa amesimama hapo akisema kipi kimesahaulika. Hakuna chumba cha kompyuta kinachoweza kumpa mwandishi wa programu nafasi hiyo, na hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa simu.

Wilaya ya Serengeti tayari ina mfano wa karibu wa simu kufanya kazi ya maana. Mwaka 2015 Janet Chapman alianzisha Crowd2Map Tanzania, mpango wa watu wa kujitolea wanaochora vijiji vya Tanzania kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Ulianza kwa sababu nyumba salama ya Mugumu, inayowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, haikuwa na ramani ya kuwafikia wasichana waliopiga simu usiku wakiomba kuokolewa. Rhobi Samwelly, aliyeongoza nyumba hiyo na mwaka 2017 akaanzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, aliendelea na kazi hiyo kwa kuwatumia wawakilishi wa vijijini wenye simu janja, wanaokusanya taarifa kwa zana iitwayo ODK.

ODK, iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington na kujaribiwa mapema Kenya na Uganda, inahusu mada hii kuliko inavyoonekana. Fomu yake huandikwa kwenye jedwali la kawaida, lile la Excel. Safu moja ina aina ya swali, nyingine jina lake, nyingine maneno atakayoyaona mtumiaji. Kisha kuna safu ya masharti: swali la umri wa mtoto lisionekane mpaka mtu akubali kwamba yuko mtoto, jibu la umri lisipokelewe likizidi 120, jumla ijikokotoe yenyewe. Masharti, mipaka na hesabu ndiyo kiini cha programu yoyote. Mtu anayeweza kuandika fomu ya namna hiyo kwenye jedwali ndani ya simu yake tayari anaandika programu, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo. Kwa wengi wa Issenye, kuanzia hapo ni rahisi kuliko kuanzia kwenye Python, kwa kuwa matokeo yake yanatumika wiki hiyo hiyo.

Serikali nayo imeweka vifaa vya mkononi vijijini kwa wingi. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baada ya kazi hiyo vishikwambi zaidi ya 200,000 viligawiwa kwa walimu nchini. Kishikwambi kina Android ile ile, na kioo chake ni kikubwa kuliko cha simu. Pydroid, Acode na ODK vyote hukaa humo. Mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini ambaye shule yake haina hata kompyuta moja ana mkononi kifaa cha kufundishia programu.

Wakati huo huo wanafunzi wa sekondari hukatazwa kuwa na simu shuleni, na walimu wana sababu zao: simu huvuruga masomo, huleta wivu bwenini na matumizi mabaya. Katazo hilo haliwezi kupuuzwa. Lakini mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 unaipa sayansi ya kompyuta nafasi, na shule nyingi za wilaya kama Serengeti zina kompyuta chache kuliko wanafunzi wa darasa moja. Kati ya katazo na mtaala kuna njia. Shule inaweza kumiliki simu chache zisizo na laini, zikahifadhiwa ofisini na kutolewa wakati wa kipindi, zikiwa na zana zilizokwisha kupakiwa. Simu isiyo na laini haipigi wala haipokei, lakini huendesha Python. Na kipindi cha miezi kati ya mtihani wa kidato cha nne na matokeo, ambapo vijana wengi hukaa nyumbani simu zikiwa mikononi, ndicho kipindi bora cha kujifunza ambacho hakuna anayekitumia.

Anayeandika programu Issenye hana budi kukumbuka pia nani ataitumia. Majirani wengi wana simu za kitochi. Kwao programu ni menyu ya nyota na reli, yaani USSD, ile ile waliyoizoea kwa kutuma na kupokea pesa tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008. Kampuni ya Africa's Talking ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2010, ina uwanja wa majaribio usio na malipo ambapo mtu huandika huduma ya USSD au SMS na kuijaribu kabla ya kulipia namba halisi. Upande wa mwandishi ni programu ndogo ya Python inayojibu maandishi kwa maandishi, kazi inayofaa kabisa kwa kioo cha simu. Huduma ikishaanza kuhifadhi namba na majina ya watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu, hata akiwa mtu mmoja na simu yake.

Kuifikisha kazi kwa watu kuna milango miwili. Play Store hutoza dola 25 mara moja kufungua akaunti, na akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 2023 hutakiwa kwanza kuijaribisha programu kwa watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Mlango wa pili hauna ada wala foleni: ukurasa wa HTML wenye JavaScript ndani yake ni faili moja, hutumwa kwa WhatsApp au Xender, hufunguliwa na kivinjari kilichomo katika kila simu janja, na hufanya kazi bila intaneti. Hesabu ya malipo ya pamba, daftari la mikopo ya kikoba, zoezi la hisabati la darasa la tano, vyote hutosha humo. Walimu wa Serengeti wenye vishikwambi na vijana waliomaliza kidato cha nne waanze na ukurasa mmoja wa namna hiyo, wampe jirani autumie, kisha waurekebishe kwa yale atakayolalamikia.